Vifungo vya Nukta na Barabara Namba Saba

Tunayemzika leo alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Juni 1970, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba vitatu iliyotazamana na kituo cha zimamoto. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mwashi na mama fundi cherehani. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo mno, hata mkunga akamwambia mama, "Mwenzangu, hapa hujazaa mtoto, umezaa nukta." Jina likamganda. Kaka yake, aliyekuwa na miaka mitatu, alinyanyuliwa juu ili amwone. Akamtazama vizuri, kisha akauliza, "Ataondoka lini?" Chumba kizima kilicheka. Yeye hakuwa anatania. Kaka huyo ndiye anayesoma karatasi hii. Marehemu mwenyewe alimtaka aisome, na alimwambia namna ya kuiandika. Namna hiyo itaelezwa mahali pake.

Nukta alikulia chini ya meza ya cherehani. Likizo ya Agosti 1979, akiwa na miaka tisa, alichukua kopo la vifungo la mama, lile lililokuwa la maziwa ya unga, akatandika kitambaa cha mirabaraba mezani na kuweka kifungo kimoja cheupe katikati. Kisha akatwaa kingine, akakianzishia pembeni mwa kitambaa na kukitembeza mraba mmoja mmoja kwa kurusha dadu. Moja ni juu, mbili ni chini, tatu ni kushoto, nne ni kulia; tano na sita ni kurusha tena. Kikigusa kifungo kingine, kinakaa hapo hapo, hakiondoki. Alifanya hivyo siku tatu, vifungo mia mbili na kumi. Siku hizo hizo kaka yake alikuwa sakafuni, akichora mji wake kwa rula na penseli iliyochongwa vizuri.

"Nukta, unachezea mali ya watu," kaka alimwambia.

"Sichezi. Najenga mji."

"Mji gani huo hauna rula? Nani ameupanga?"

"Hajaupanga mtu. Kila mmoja anatafuta jirani tu."

"Haya, barabara kuu iko wapi?"

Nukta akamwonyesha kwa kidole. Kweli, katikati ya vifungo vile palikuwa na matawi, na katikati ya matawi palikuwa na njia moja ndefu iliyoyashika yote. "Hii hapa," alisema. "Imejitokeza yenyewe."

Mama aliacha mji ule mezani wiki nzima, yeye akashonea sakafuni. Wateja wakiingia aliwaambia, "Piteni taratibu, na asipige mtu chafya, mtaubomoa mji wa mwanangu." Mji wa rula aliukata kiolezo cha kola, maana karatasi yake ilikuwa nzuri, ngumu. Hakufanya kwa ubaya. Lakini siku ile kijiba cha roho kilimwingia kaka yake, na kwa kuwa hakuna aliyekiona, hakuna aliyekitoa.

Nukta alisoma shule ya msingi kuanzia 1977 hadi 1983, shule ile ile ya kaka yake. Kugawanya alifundishwa na kaka, kwa vijiti vya kiberiti, na hilo ni haki lisemwe. Ila mwaka 1980, kaka akiwa darasa la saba, alikwama ubaoni kwenye swali la sehemu. Mwalimu wa hesabu akatuma watu darasa la nne wamlete mdogo wake. Nukta alikuja, akapanda juu ya stuli, akalimaliza swali, kisha akamrudishia kaka chaki na kuliambia darasa, "Kaka alikuwa analijua, amelisahau tu." Angemcheka, kaka angesamehe. Aliposetiriwa mbele za watu, kaka hakusamehe.

Kaka alipata diploma ya upimaji ardhi mwaka 1989, na picha yake akiwa na joho ikatundikwa sebuleni, peke yake, katikati ya ukuta. Nukta aliingia chuo kikuu 1990. Digrii ya kwanza ya hesabu aliipata 1994, ya pili 1996, na udaktari 2001 katika nchi ya mbali. Kila alipotuma picha, mama aliisogeza ya kaka kidogo. Ilipofika ya udaktari, picha ya kaka ilikuwa nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, haionekani.

Alichosomea Nukta watu wengi hawakukielewa, na wengine waliokuwa wakimsifu hawakukielewa pia. Kaka yake alikielewa. Mji, alisema Nukta, hausubiri ramani. Mtu mmoja akipita kwenye nyasi, nyasi zinalala kidogo. Wa pili anapita hapo hapo kwa kuwa zimelala. Wa mia anaikuta njia, wa mia mbili anafungua duka kando yake, na baada ya miaka ishirini mjukuu wake anauliza ni serikali ipi iliyoikata barabara hiyo. Yeye aliyageuza hayo kuwa hesabu. Aliugawa mji katika miraba, na kila mraba ukapewa maswali ya kujibu kila mwaka: majirani wako ni wangapi, njia iko umbali gani, maji je? Kompyuta ikayajibu maelfu kwa maelfu, na mitaa ikaota kwenye kioo kama vifungo vya mama. Aliajiriwa na ofisi ya mipango miji Septemba 2001, na wenzake kazini wakaiita modeli yake "Vifungo".

Swali la maji alilipata kwa mumewe. Bomba lilipasuka ofisini, akaitwa fundi bomba. Fundi alimaliza kazi, akafuta mikono, akasimama nyuma ya kiti cha Nukta akitazama kioo.

"Mji wako huu utakufa kiu," alisema.

"Kwa nini?"

"Umewapandisha watu kilimani, na bomba halipandi huko. Binadamu hafuati barabara tu, dada yangu. Anafuata maji."

Nukta alirekebisha modeli wiki ile ile, na tarehe 2 Machi 2002 wakafunga ndoa. Walijaliwa binti mwaka 2003 na mtoto wa kiume mwaka 2006. Fundi Bomba alizoea kuwaambia rafiki zake, "Nyinyi mnaogopa wanaume wa nje. Mimi nina mume mwenza, naye ni mji mzima, una watu laki sita, na wote wanakula muda wa mke wangu." Kwenye harusi kaka alipewa nafasi ya kusema neno. Alisema kwa dakika kumi na nne, zote juu ya unyenyekevu. Bibi harusi ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo wasifu mwingine ungeliruka.

Kaka alifanya kazi ofisi ya ardhi, jengo la pili katika uwanja ule ule. Kila alikopeleka mguu aliitwa kaka yake Nukta. Asubuhi moja mwaka 2006 karani mpya wa mapokezi alimwamkia vizuri, kisha akasema, "Kumbe wewe ndiye kaka wa yule daktari wa miji? Mbona hamfanani?" Kaka alikuwa na miaka kumi na saba kazini na muhuri wake mwenyewe, naye akatambulishwa mlangoni pake kwa jina la mdogo wake. Siku hiyo hiyo, mchana, Nukta aliingia ofisini kwake.

"Shikamoo Kaka. Nina kazi sitaki kumpa mtu mwingine."

"Marahaba. Sema."

"Lile bonde la nyuma ya kiwanda cha ngozi. Wanataka kujenga zahanati, wananiuliza watu watahamia upande gani. Naomba ulitembee, unipimie njia zake."

"Ramani si ipo?"

"Ramani inasema watu wangepita wapi. Mimi nataka wanapopita. Nipe vijia, usinipe ramani."

"Na udaktari wako wote huwezi kwenda mwenyewe?"

"Mwenye macho ya ardhi ni wewe. Mimi nikienda nitaona hesabu tu."

Ilikuwa sifa. Kaka aliisikia kama kejeli, kwa kuwa mwenye kijicho husikia anachokitaka. Alikwenda bondeni siku moja, akafika ukingoni, akaona tope na watu wakipita na ndoo upande wa magharibi, kwenye daraja la magogo mawili. Akageuza. Siku tatu zilizofuata alikaa mezani akinakili ramani ya zamani ya mipango, yenye barabara saba. Sita zilikuwepo, angalau kwa sura. Ya saba, pana, iliyonyooka kuelekea mashariki, ilikuwepo kwenye karatasi tu. Kile kijia cha magharibi hakukiweka. Alijiambia kwamba karatasi yenye muhuri ni sheria, na kijia ni utovu wa nidhamu. Hivyo ndivyo mtu mwadilifu anavyotenda uovu: anautafutia kifungu cha kanuni. Akaweka sahihi, akapiga muhuri.

Modeli haina kijicho, inaamini inacholishwa. Iliiamini barabara namba saba, ikaotesha mitaa kandokando yake, na baraza la mji likajenga zahanati mwisho wa mitaa hiyo ya kwenye kioo. Ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 4 Mei 2009. Watu walikwenda magharibi, walikokuwa wakienda siku zote. Mashariki wakabaki wauguzi wawili na popo, na jengo likapewa jina la Zahanati ya Popo. Hapa isomwe polepole: kwa miaka minne, akina mama wa bonde lile waliuzunguka ukuta wa kiwanda kwa saa moja na nusu, na mtoto mwenye homa mgongoni. Wivu wa kaka kwa mdogo wake haukuishia kwa mdogo wake.

Februari 2010 paliitishwa kikao. Mhandisi wa barabara alisimama akasema, "Mama Vifungo, vifungo vyako vimetuvua nguo hadharani." Ukumbi ukaangua kicheko. Kaka alikuwa safu ya nyuma, na alicheka. Nukta aligeuka kumtafuta kwa macho, akamkuta anacheka. Akaugeukia ukumbi na kusema maneno manne: "Kosa ni la kwangu." Akaondolewa kwenye modeli, akapelekwa masjala, chumba cha chini chenye dirisha moja la kuona viatu vya wapita njia. Alikaa humo hadi alipoacha kazi. Mwaka uliofuata kaka alipandishwa cheo kuwa mkuu wa wapima, na katika hotuba yake aliwaambia vijana, "Bora mkono wangu ukauke kuliko kupiga muhuri uongo." Walimpigia makofi.

Zahanati ya pili, ile ya magharibi, ilifunguliwa 2013. Ilitokana na barua ya kurasa tatu iliyoandikwa masjala na kusainiwa na mwingine. Sasa mjue nani aliiandika.

Mama yao alifariki tarehe 30 Agosti 2014, nyumbani kwa kaka, alikoishi miaka yake yote ya ujane. Baada ya siku arobaini hivi Nukta alipiga simu. "Kaka, kopo la vifungo la Mama lipo?" Kaka alikuwa analiona pale alipokaa, juu ya kabati. "Sijui," alisema. "Huenda lilitupwa." Nukta akajibu, "Haya Kaka. Wasalimie watoto."

Novemba 2021 Nukta alianza kuumwa tumbo. Madaktari walikuta uvimbe kwenye kongosho. Alifanya kazi hadi Julai 2022, kisha akawa mtu wa kulazwa na kutoka, na mwisho wa kulazwa tu, chumba cha vitanda vinne, dirisha likitazama maegesho ya magari. Aliwahesabu wageni wa wagonjwa waliokuwa wakikata kona kwenye nyasi badala ya kufuata njia ya saruji. "Watashinda," alimwambia muuguzi. "Ipe bustani miezi mitatu, itasalimu amri." Fundi Bomba ndiye aliyemwendea kaka. "Shemeji," alisema, "mwenzio anaota vifungo. Usingizini anataja kopo. Kama una lolote unalolijua, huu ndio wakati."

Ijumaa, tarehe 6 Januari mwaka huu, kaka alikwenda na kopo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo Kaka."

"Marahaba. Unaendeleaje?"

"Naendelea kupungua. Umebeba nini?"

Akaliweka kitandani. Nukta alicheka hadi kikohozi kikamshika, mumewe akamwinua. "Kumbe halikutupwa!"

"Halikutupwa."

Alilifungua, akachakura, akatoa kifungo kimoja cheupe chenye matundu manne na kukifumbata. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, "Na namba saba, haijambo?"

"Namba saba gani?"

"Kaka. Nilikwenda Machi 2010, na viatu vya mvua. Barabara namba saba ina ukuta wa mita tatu na mtaro mbele yake. Hata paka anazunguka."

Kaka alitazama sakafu. Akasema, "Miaka kumi na tatu umejua?"

"Kumi na mbili na miezi kumi."

"Mbona hukusema? Ungenimaliza. Ungerudi kwenye kazi yako."

"Usinifanye malaika, sijafa bado. Sikunyamaza kwa huruma." Alipumzika kidogo, kisha akaendelea. "Wewe ulikuwa na Mama, mimi nilikuwa na vyeti. Kila Jumapili nikija nakuta mnacheka jambo lililoanza Jumatatu, mimi sikuwepo. Ukinieleza halichekeshi tena. Alipozidiwa aliita jina lako. Nimekuonea wivu, Kaka, mpaka meno yakaniuma. Basi nikasema, na mimi niwe na kitu kimoja changu ambacho hata Mama hakijui. Kila ukihubiri habari za muhuri, nalamba siri yangu kama pipi."

"Wewe? Unionee wivu mimi?"

"Sasa nimwonee nani, huyu fundi bomba?"

Fundi Bomba alisema, "Mimi simo." Wote watatu wakacheka, na kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha, maana kicheko chake kilikuwa kimegeuka kitu kingine.

"Wasifu wangu utausoma wewe," Nukta alimwambia.

"Nitaandika nini, Nukta? Nianzie wapi?"

"Nipe vijia," alisema. "Usinipe ramani."

Alifariki Jumanne, tarehe 17 Januari 2023, saa nne na dakika arobaini asubuhi, mumewe akiwa kichwani na binti yake miguuni. Kaka alikuwa njiani.

Katika daftari aliloacha kuna modeli ile ile, iliyoendeshwa upya Aprili 2010 kwa vijia alivyovipima mwenyewe kwa miguu yake. Kati ya mitaa kumi na minne iliyoota bondeni hadi leo, ilitaja kumi na miwili kabla haijakuwepo. Wenzake wa baraza la mji walioketi hapa mbele, akiwemo mhandisi wa barabara, wanaombwa walipitie daftari hilo. Nakala iko mlangoni. Hesabu zake hazikukosea. Jana, Ijumaa, kaka yake aliwasilisha maelezo yake kwa maandishi katika ofisi ya ardhi, pamoja na muhuri. Litakalomfuata halimhusu marehemu.

Wala asidhani mtu kwamba aliyekiri amepona. Asubuhi ya leo, alipoona watu wamejaa hadi nje ya geti, moyo wake ulimuuliza: wewe watakuzika wangapi? Hata leo, hata hapa. Mwenye mdogo wake aliye hai na aliye bora kuliko yeye, amwendee leo leo, kabla hajaandikiwa wasifu.

Marehemu ameacha mume, Fundi Bomba. Binti mmoja, anayesomea hesabu. Mtoto wa kiume mmoja, aliye kidato cha tatu. Wifi mmoja, wapwa wanne, na watu laki sita wasiomjua. Ameacha kaka mmoja. Kopo la vifungo ni la binti yake, naye atakabidhiwa hapa hapa mbele yenu. Litakuwa limepungua kimoja, cheupe, chenye matundu manne. Hicho kiko mkononi mwa mwenyewe.

Barabara namba saba haikuwepo. Ile ya magharibi, iliyochorwa na Nukta kwa vifungo, ndiyo iliyokuwepo, na ndiyo wengi wenu mliyopita kuja hapa.

Alale salama, Nukta wetu.